Mwongozo wa Kuhamishwa kwa Faida Yako Mwenyewe

Kwanza pokea hongera. Kama mwongozo huu umekufikia, maana yake yuko mtu, amekaa mahali penye feni na ramani, ambaye amegundua kwamba unaishi vibaya. Wewe mwenyewe hukujua. Umetawanyika mno, au uko mbali na huduma, au uko karibu mno na bwawa litakalojengwa, mbuga itakayohifadhiwa, bomba litakalopita. Sababu hubadilika kila awamu. Ahadi haijabadilika tangu enzi za babu yako: unahamishwa kwa faida yako.

Mwongozo huu ni wa kaya yenye majembe matatu, mbuzi wawili watatu na shamba ambalo halijawahi kupimwa. Wenye kahawa na migomba hawauhitaji sana. Wakati wa Operesheni Vijiji, Tanzania ilipowahamishia watu wake vijijini miaka ya 1970, watu wa Kilimanjaro na Bukoba kwa sehemu kubwa waliamkia kijijini pale pale walipolala. Walikuwa wamesongamana tayari, wakaandikishwa, ikawa basi. Waliopakiwa kwenye malori ni wa Dodoma, Kigoma, Rufiji, Chunya na kwingineko ambako nyumba ni za miti na udongo na mtaalamu akipita na gari haoni kitu cha kumfanya apunguze mwendo. Kanuni ya kwanza, basi, na pengine ndiyo pekee utakayoihitaji: mhamishaji huhesabu kinachoonekana kutoka barabarani.

Kutambua dalili

Zamani dalili ilikuwa moja. Balozi wa nyumba kumi alianza kukwepa macho yako. Baada yake alikuja katibu wa TANU, chama tawala cha enzi hizo, nyuma ya katibu mgambo, nyuma ya mgambo lori. Siku hizi mambo yana staha. Linakuja gari jeupe, vijana wanashuka na vifaa vya kupimia, wanakuamkia shikamoo hata kama mko rika moja, wanapiga picha choo chako. Baada ya muda mtendaji wa kijiji anatangaza mkutano wa hadhara, na mezani kuna maji ya chupa kwa ajili ya wageni. Hapo utaelezwa kwamba wewe huhamishwi. Wewe ni mtu anayeguswa na mradi. Usishtuke. Mguso wenyewe ni alama ya X nyekundu ukutani.

Mkutanoni kaa mbele, na vaa vizuri maana utapigwa picha ukiwa umenyoosha mkono, na picha hiyo itaingia kwenye ripoti sehemu ya ushirikishwaji wa jamii. Haitajulikana kama ulinyoosha mkono kukubali au kuomba kwenda haja. Yako maswali matatu ambayo huharibu mkutano kabisa, kwa hiyo yaulize yote: kisima kiko wapi leo (si mwakani), mvua ya kwanza huko hufika mwezi gani, na hilo eneo tunalopelekwa analilima nani sasa hivi?

Hilo la tatu ndilo zito. Kwenye ramani utaonyeshwa pori tupu, lakini nchi hii haina pori ambalo halina mtu anayejua mizizi yake, nyuki wake na njia ya ng'ombe wake wakati wa kiangazi. Msomera, wilayani Handeni, kulikoanza kupokea watu wa Ngorongoro Juni 2022, kulikuwa na wenyeji na mifugo yao kabla nyumba mpya hazijasimama, na wenyeji hao hawakunyamaza. Utakapofika, basi, kumbuka kwamba umaskini wako umepelekwa kupiga hodi kwa maskini mwingine. Nenda na zawadi.

Kukubali kwa hiari

Hiari ni jambo la msingi na ina historia yake. Waraka wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967 ulisisitiza ushawishi: kijiji cha ujamaa hakijengwi kwa kumlazimisha mtu. Watu wakashawishiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mafuriko ya Rufiji yalisaidia kushawishi, mwaka 1971 ulikuwa ukame wa Dodoma. Wengine waliendelea kufikiria, na wakulima ni watu wanaofikiri polepole kwa sababu wakikosea hulala njaa. Novemba 1973 Rais Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wake ni mwishoni mwa 1976. Mwaka 1975 sheria ya vijiji ikafuata, kuwakuta watu wengi wakiwa wameshafika. Kufikia 1977 ilihesabiwa kuwa zaidi ya watu milioni 13 wako vijijini, na sehemu kubwa ya walioguswa walikuwa wamehama katika muda wa miaka miwili mitatu hivi. Bara la Afrika halijaona uhamisho wa raia mkubwa kama huo mara nyingi.

Funzo kwa msomaji wetu ni kwamba hiari ina tarehe ya mwisho. Kubali mapema. Anayekubali mapema huchagua kiwanja; anayechelewa huchaguliwa, na paa lake huenda likateremshwa na wageni. Yako maeneo ambako nyumba zilichomwa au kubomolewa ili wenyewe wasipate pa kurudi. Hilo halikuwa kwenye waraka.

Upinzani wa mikono haushauriwi. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyemkuta shambani na kumkabili kwa ajili ya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Wakuu wa mikoa walikuja wengine, na operesheni ikaendelea. Upinzani unaofaa zaidi ni ule wa bibi mmoja mmoja: kusahau, kuumwa siku ya lori, kurudi kuchukua kinu halafu kukaa huko mpaka mavuno.

Riziki yako kwa mujibu wa fomu

Hapa tuketi kidogo, maana hapa ndipo wengi huliwa.

Wewe unadhani una shamba. Kwa kweli una vitu vingi ambavyo havina jina la pamoja. Chukua mkulima wa bonde la Rufiji kabla ya 1969. Mto ulipojaa ulimwagika mashambani. Mpunga ulikuwa umeshapandwa ukisubiri maji hayo. Mto ulipopungua uliacha tope jipya, na katika unyevu ule watu walipanda mazao ya mlao, ambayo hayasubiri mvua. Mabwawa yaliyobaki yalikuwa na samaki. Watu walikaa hapo hapo bondeni, wengine kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu nguruwe, nyani na ndege hawana saa za kazi. Mafuriko makubwa yakija wanapata hasara. Mafuriko ya kawaida yakija wanapata mbolea bila kulipia. Mtaalamu aliyetazama kutoka juu aliona jambo moja tu: watu hawa wako majini, waokolewe.

Wakaokolewa, wakapandishwa kwenye nchi ya juu yenye mchanga. Mchana wakaendelea kuteremka bondeni, kwa sababu chakula hakikupandishwa pamoja nao. Shamba likawa mbali, na la mbali hulindwa nusu. Watoto ambao wangeenda kuamia ndege sasa walikuwa shuleni, jambo jema ambalo ndege pia walilifurahia. Watu wazima waliorudi kulala kwenye madungu wakati wa mlao walikuwa na nyumba mbili: moja ya kuhesabiwa na moja ya kula.

Sasa tazama fomu. Tangu kanuni za fidia za mwaka 2001 mambo yamekuwa ya kitaalamu, na si haki kusema hayakuboreka. Enzi za Operesheni Vijiji hapakuwa na mthamini wala malipo. Siku hizi ardhi yenyewe ina bei, na mtu akinyimwa chake ana pa kushika anapokwenda kulalamika. Ila uisome fomu ukiwa umekaa.

Kuna posho ya usafiri. Utalipwa gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12, kwa barabara au reli, ndani ya kilomita 20. Narudia: tani 12. Aliyeandika kanuni hii alikuwa na makabati. Wewe pakia magodoro, masufuria, kuku, mlango (usiuache mlango), kisha tafuta tani 11 na ushee zilizobaki. Zipo, ila hazipandi kwenye lori: udongo uliolishwa samadi ya zizi kwa miaka, maembe ya bibi, kisima ambacho unajua kinakauka wiki gani.

Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba yako kwa miezi 36. Swali dogo tu: nyumba ya udongo katika kitongoji ambacho hakuna mtu aliyewahi kupanga hata chumba inapangishwa kwa shilingi ngapi kwa mwezi? Mthamini atakuambia. Kuna fidia ya faida iliyopotea, nayo kwa miezi 36, ikithibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika. Mama anayesuka mikeka kwa ukindu wa bondeni na mzee wa mizinga ya nyuki wajiandae na mkaguzi wao wa hesabu. Na kuna posho ya usumbufu, inayotafutwa kwa kuzidisha thamani ya ardhi kwa riba ambayo benki hutoa kwa akaunti ya muda maalumu. Yaani bibi anayeacha pango la matambiko na jirani wa miaka 40 amesumbuka kwa kiwango kile kile ambacho pesa ingesumbuka ikifungiwa benki mwaka mzima.

Ambacho fomu haina nafasi ya kukiandika ndicho kilichokuwa kinakulisha mwezi wa Februari. Ng'ombe aliyekopeshwa kwa shemeji upande wa pili wa mlima ili ukame usikukute na kundi zima mahali pamoja. Shamba la pili, dogo, kwenye udongo mzito, linalozaa mwaka ambao lile la kichanga limekufa. Mboga za mwituni. Jirani ambaye hukuazima jembe bila kuuliza kwa sababu mama yake aliazimwa na mama yako. Michael Cernea, mtaalamu wa jamii aliyefanya kazi Benki ya Dunia, aliorodhesha hatari nane zinazomfanya aliyehamishwa awe maskini zaidi: kukosa ardhi, kukosa kazi, kukosa nyumba, kusukumwa pembeni, njaa, maradhi, kupoteza vile vya wote kama malisho na misitu, na jamii kusambaratika. Nyumba ni moja kati ya nane. Lakini ukitembelea mradi, utaonyeshwa nyumba. Nyumba inapigika picha.

Jambo la mwisho kuhusu fomu: juu kabisa kuna nafasi ya jina la mkuu wa kaya. Mama, karanga zako na bustani yako ya bondeni zitaandikwa chini ya jina hilo. Hundi itafuata jina. Siku ya malipo, kabla hata benki haijafungua, utawaona wauza pikipiki wamepanga bidhaa zao nje kwa mstari. Fungueni akaunti ya pamoja, na uende na mumeo dirishani. Huo si mzaha.

Msimu

Mhamishaji ana mwaka wa fedha, wewe una mwaka wa mvua, na miaka hiyo miwili haijawahi kukutana. Magari yanapatikana kiangazi, barabara zikiwa kavu, mafuta yakiwa yametoka. Kwa hiyo sehemu nyingi mwaka 1974 watu walihamishwa karibu na majira ya kuandaa mashamba, wakafika kwenye mistari iliyochorwa kando ya barabara, wakaanza kukata miti ya kujengea wakati mawingu yanakusanyika. Mtu hawezi kujenga na kupalilia siku moja. Kuna waliojengeshwa mahali ambako maji hayakupatikana, wakahamishwa tena.

Ukame ulikuwa umeshaanza mwaka uliotangulia. Wasomi hawajamaliza kubishana ukame ulibeba lawama kiasi gani na malori kiasi gani, na mimi nadhani walioulizwa mara chache ni wale waliokuwa juu ya lori. Lililo wazi ni kwamba nchi iliagiza nafaka nyingi kutoka nje mwaka 1974 na 1975, unga wa njano ukaliwa mijini na vijijini, watani wakauita wa Yanga. Serikali nayo ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Mkulima akaambiwa alime kufa na kupona na maofisa wale wale waliokuwa wamemtoa shambani.

Ushauri wetu: ukipewa nafasi ya kuchagua mwezi wa kuhama, chagua baada ya mavuno, na nenda na chakula cha msimu mzima. Usipopewa nafasi, panda kule unakotoka hata hivyo. Mtu mmoja wa familia abaki akilinda. Watu wa mradi watamwita mvamizi, lakini ndiye atakayewalisha.

Kuhusu makazi mapya yenyewe

Yatakuwa yamenyooka. Kunyooka ni uthibitisho kwamba yalipangwa. Nyumba zitakuwa zimepakana kiasi kwamba kuku wa jirani atakuja kutagia kwako, na kideri kikimkuta mmoja kimewakuta wote. Mbuzi watakaa mbali na mahindi kwa nadharia tu. Kuni zitakuwa karibu mwaka wa kwanza. Mwaka wa tano akina mama watakuwa wanaondoka alfajiri kuzifuata, maana mamia ya meko yamekata upande mmoja. Udongo wa jirani na nyumba utachoka kwa sababu kila mtu anautaka huo huo. Samadi iko zizini, shamba liko ng'ambo, na mkokoteni hauna mwenyewe.

Mfugaji ataona zaidi. Huko Msomera serikali ilitangaza nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari mbili na nusu, pamoja na ekari tano za shamba. Kwa mtu wa mijini huo ni utajiri. Kwa mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kutembea, kufuata majani kutoka nyanda za juu mpaka za chini kulingana na mvua, ekari tano ni mahali pa ng'ombe kulala usingizi wa mchana.

Na shule? Ilikuja kweli. Tusiwe watu wa kukana. Baada ya Azimio la Musoma mwaka 1974 elimu ya msingi kwa wote ikasukumwa, na wengi wanaoandika leo kuilaumu operesheni walijifunzia kuandika kwenye madarasa iliyoyaleta. Zahanati nazo zilikuja, japo dawa zilifuata ratiba yake yenyewe. Kosa si kutaka watu wasome. Lililonishinda kuelewa ni kwa nini mwalimu mmoja na sanduku la chaki visingeweza kusafirishwa kuwafuata watu, wakati watu, na nyumba zao, na maembe yao yasiyobebeka, walionekana wepesi kusafirisha.

Kurudi

Utarudi. Kila mwongozo wa kuhamishwa usio na sura ya kurudi ni wa kizembe. Kuanzia miaka ya 1980, kamba zilipolegea, watu walianza kuteremka mahame: kwanza kuokota maembe, kisha kulima kipande, kisha kujenga kibanda cha kukwepa mvua, kisha mke akaja na kinu. Udongo wa mahame ulikuwa umepumzika, na pale palipokuwa zizi mahindi yalitoka ya kijani kibichi iliyokolea. Ila wengine walikuta shamba limeshagawiwa mtu mwingine, naye si mwizi. Alihamishiwa hapo kwa lori lile lile.

Basi wakaenda mahakamani, na baadhi wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, na kuzuia kesi zake zisisikilizwe. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, waliokuwa wamerudishiwa ardhi yao na mahakama, waliipinga sheria hiyo, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba raia hawezi kufungiwa mlango wa mahakama. Jina la kesi hii likariri, hata kama hutasoma kingine. Hakuna mthamini asiyelijua.

Lakini soma pia kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kinasema kwamba ardhi iliyogawiwa kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, kwa watu waliotakiwa kuhamia vijijini, imegawiwa kihalali, iwe ugawaji ulifuata sheria au uliikiuka. Hiki ni kifungu kinyoofu. Hakijifanyi.

Kwa hiyo ukitaka kulima tena pale alipozikwa babu yako, fanya hivi. Ulizia ni nani aliyegawiwa hapo mwaka 1974. Akiwa amefariki, tafuta wanawe. Nenda asubuhi, usiende na ndugu wengi, na usianze kwa habari za mwembe. Zungumzeni ekari moja kwa msimu mmoja, mwandikishiane mbele ya mtendaji. Kodi hulipwa kabla ya mvua, na wengine hukubali nusu taslimu, nusu gunia.